Mtakatifu Chini ya Mtini

Dada yangu Connie alimzika Mtakatifu Yosefu uani kwake, kichwa chini miguu juu, uso ukiielekea nyumba, ili nyumba ipate mnunuzi haraka. Kwetu Nutley, New Jersey, Wakatoliki wengi hufanya hivyo wanapouza nyumba, hata wale wanaoonekana kanisani Krismasi tu. Denise Kowalczyk, dalali wake, alimletea sanamu ya plastiki ndani ya kiboksi pamoja na karatasi ya sala. Connie akaigeuzageuza mkononi, akamrudishia.

"Denise, mwanangu, ninaloomba ni kubwa. Siwezi kumtuma mtu wa plastiki."

Akapanda darini, akashuka na Yosefu wa shaba wa marehemu mama mkwe wake, aliyesafiri naye kutoka Avellino, Italia, akiwa amemfunga ndani ya mashuka. Alikuwa mzito, ungeweza kumwangusha naye mwizi. Connie akapiga magoti chini ya mtini wa mumewe, akachimba kwa koleo dogo la maua, akamtumbukiza, akafukia. Mimi nilisimama kando na kikombe changu cha kahawa nikimcheka. Mimi na watakatifu tuliachana zamani, bila ugomvi.

"Wewe ungezikwa kichwa chini ungemfanyia mtu hisani?" nikamuuliza.

"Nyamaza, Mena. Anasikia."

Haraka yenyewe ilikuwa kwa ajili ya Gus. Shemeji yangu Gus Iannuzzi alikuwa fundi wa vigae, na nusu ya mabafu ya mtaa wetu yamepita mikononi mwake. Akili ilikuwa imeanza kumtoka kidogo kidogo. Yalitangulia majina ya majirani, ikafuata njia ya kurudi kutoka kanisani. Lakini mkewe, Gus alikuwa bado anamjua. Alimwita "bosi" na kumbusu shingoni mbele za watu, na uzee wote ule, mpaka Connie anaona haya.

Kule Brick, upande wa baharini anakoishi binti yao Loretta, kuna nyumba ya wazee yenye makao ya mume na mke: sebule ndogo, mahali pa kuchemshia kahawa, kitanda kimoja kipana. Masharti yao hayakuwa na kona. Siku ya kuingia nesi anawapima wote wawili. Mgonjwa ambaye bado anamjua mwenzake huingia naye, na akishaingia, hata akili ikimwisha kabisa, hawatenganishwi tena, wanaongezewa msaidizi. Anayefika akiwa hamjui mwenzake hupelekwa upande wa pili, wenye milango ya kufungwa kwa funguo, na huko mwenzake haruhusiwi kulala. Pesa ya kuingilia hawakuwa nayo nyingine isipokuwa ile nyumba. Loretta amepanga nyumba, mimi nimepanga chumba juu ya duka la mikate, na tulipoweka vyetu pamoja havikufika popote.

"Nataka kulala naye kitanda kimoja mpaka mmoja wetu aondoke," Connie aliniambia tukiwa tunasafisha maharage. "Hilo tu. Sidai kingine."

Nyumba ilipata mnunuzi kabla majani ya uani hayajaanza kubadilika rangi. Connie alinitazama kwa jicho la unaona sasa, nami nikafyata. Wanunuzi walikuwa Nirav na Rupal Trivedi, vijana wa adabu, Rupal tumbo limeanza kuonekana. Gus ndiye aliyewatembeza. Aliwapeleka jikoni, akainama, akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole.

"Hivi vigae niliviweka mwenyewe," akamwambia Rupal. "Gonga. Gonga, mwanangu, usiogope. Ukisikia mlio wa debe tupu, nakupa nyumba bure."

Rupal akachuchumaa kwa shida, akagonga. Gus akasikiliza, akatabasamu, akamwonyesha kidole Connie aliyekuwa kwenye sinki. "Na yule ndiye bosi. Malalamiko yote peleka kwake."

Siku ya makabidhiano, yaani siku ya kusaini kwa wakili na kupokeana pesa na funguo, ikapangwa Oktoba. Kilichobaki ni ukaguzi. Mkaguzi wa kwanza alizunguka paa, umeme, ngazi na mabomba, akatoka na makosa madogo madogo ambayo Denise alisema ni ya kawaida kwa nyumba ya umri ule. Akabaki Stan Hrycak. Hapa New Jersey mtu hanunui nyumba ya zamani bila kumleta mtu wa mashine ya kugundua vyuma apite uani kutafuta tangi. Zamani nyumba zilipashwa joto kwa mafuta, na mafuta yalikaa kwenye matangi ya chuma yaliyozikwa ardhini. Gesi ilipokuja watu wakakata mabomba, wakaotesha nyasi juu, wakasahau. Connie na Gus waliikuta nyumba ina gesi tayari, na habari ya tangi hawakuwahi kuisikia.

Stan alipita na mashine yake kando ya kuta zote. Mashine kimya. "Uko safi, mama," akasema, akaanza kurudi kwenye gari lake bila kuizima, akakatisha kupitia kwenye mtini. Mashine ikalia.

Connie akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga. "Ni mtakatifu! Ni mtakatifu tu huyo, mwacheni!"

Stan akamtazama dada yangu, akanigeukia mimi. "Mtakatifu gani?"

"Yosefu," nikasema. "Yuko kazini."

Denise akacheka mpaka akashika ukuta. Stan alivua kofia kwanza, kwa heshima, ndipo akachimba kwa mikono, akamtoa Yosefu, akampangusa udongo usoni, akamkabidhi Connie. Tulikuwa tunacheka sote, hata Gus kwenye kiti chake cha uani. Kisha Stan, kwa kuwa ni mtu anayeipenda kazi yake, akairudisha mashine juu ya lile shimo tupu. Ikalia tena, na safari hii kwa nguvu zaidi.

"Mama," akasema polepole, "mmezika watakatifu wangapi humu?"

"Mmoja," Connie akasema.

Hakuna aliyecheka tena.

Tangi lilikuwa kubwa, na lilikuwa limeoza. Chuma chake kilikuwa na matundu, mafuta yalikuwa yamevuja miaka nenda miaka rudi, na udongo uliolowa ulikuwa unaelekea kwenye ukuta wa chumba cha chini. Nasema wazi, kama Yosefu yule angebaki darini, Stan angeingia garini mwake na nyumba ingeuzwa Oktoba. Nilimchukia Yosefu kwa hilo. Connie alikuwa amemweka dirishani jikoni, na kila nilipoingia nilimgeuza uso ukutani. Kila nilipotoka, Connie alimgeuza tena.

Wakili wa akina Trivedi akaandika kwamba hawasaini mpaka tangi litoke, udongo mchafu uchukuliwe, na serikali itoe hati kwamba pamesafishwa. Nilimpigia Denise simu nikiwa nimepandwa na hasira.

"Waambie wasaini hivyo hivyo, pesa za kusafishia zibaki kwa wakili! Wazee wangu wanakwenda Brick, hao wanakuja, mashine zinachimba. Ugumu uko wapi?"

"Nimewaambia, mama Mena. Nimeomba kwa magoti. Benki haitaki, bima haitaki."

"Basi tutafute mnunuzi mwingine."

"Sasa tunajua lipo, na sheria inatutaka tumwambie kila anayekuja. Kila atakayekuja atasema hilo hilo."

Nikamkatia simu, kisha nikampigia tena kumwomba radhi, maana Denise hakuwa na kosa. Hakuna aliyekuwa na kosa, na hasira isiyo na mtu wa kumwangukia ni mateso. Nilijaribu kumwangushia Rupal. Alikuja siku moja peke yake, ingawa mawakili walikuwa wamewakataza wasionane na muuzaji. Connie akamwekea kahawa ambayo hakuinywa na sahani ya biskuti. Nikakaa mbele yake, nimekunja mikono, namsubiri.

"Mama Connie," akasema, "nimekuja ili usidhani tunakukomoa. Chumba kile cha chini ndicho mtoto atakachochezea. Nikishuka kule sasa nasikia harufu. Mume wangu anasema ni mawazo yangu tu. Labda. Lakini siwezi."

Macho yalimjaa machozi. Connie akauvuta mkono wake juu ya meza.

"Ningekuwa wewe nisingesaini," akamwambia. "Wala nisingekuja kueleza. Kula biskuti, unakula kwa ajili ya wawili."

Alipoondoka nilimfokea dada yangu. Nilimwambia angemweleza habari za Brick, za nesi, za milango ya funguo, huenda msichana angelegea.

"Halafu?" Connie akasema. "Amlaze mtoto juu ya mafuta kwa sababu ya mume wangu?"

Makabidhiano yakasogezwa mpaka baada ya sikukuu ya Shukrani, mwisho wa Novemba. Mashine ya kuchimba ikaja Novemba, na kulifikia tangi ilibidi mtini utoke. Gus aliupanda mwaka aliozaliwa Loretta, kwa kijiti alichopewa na baba yake. Kila mwaka kabla ya baridi aliuvika mazulia makuukuu, akaufunga kwa kamba, akauvalisha ndoo kichwani, ukabaki hapo uani mpaka Pasaka. Connie alipanga nimchukue Gus siku ile nikamlishe kwangu, asione. Nilimchukua. Nilimpikia makaroni kwa sosi ya nyama, akala vizuri, akanitania kwamba napika kama mtu anayelipiza kisasi. Nilipomrudisha shimo lilikuwa limezungushiwa utepe wa njano na mtini umekwenda na lori.

Asubuhi yake akashuka na zulia begani na kamba mkononi. Ilikuwa imefika siku ya kuuvisha mti. Tulimwona dirishani amesimama mbele ya shimo, zulia bado begani, anaangalia kulia na kushoto.

Connie akatoka. "Gus, mpenzi, tuliutoa. Kulikuwa na tangi chini yake."

"Nani aliutoa?"

"Sisi. Ilibidi."

"Na mimi nilikubali?"

"Ulikubali."

Akalitua zulia chini taratibu, akaingia ndani, akakaa. Kesho yake akashuka tena na zulia begani. Na siku iliyofuata. Kila asubuhi alikuwa anaukosa mtini upya, na kila asubuhi Connie alikuwa anamweleza upya, mpaka siku moja aliniambia hawezi tena, akayatupa mazulia yote. Gus akayatafuta wiki nzima. Baada ya hapo aliacha kwenda uani.

Udongo ukapimwa, haukuwa umesafishika. Wakachimba zaidi, mpaka chini ya ukuta. Ikanyesha, shimo likajaa maji. Kisha ardhi ikaganda, na watu wa mashine wakasema tuonane mwaka mpya. Makabidhiano yakasogezwa tena, na tena. Kila ahirisho lilikuwa na sababu yake na kila sababu ilikuwa ya kweli. Mimi niliwatukana wote kimoyomoyo, kuanzia aliyelizika tangi lile hadi aliyevumbua mafuta.

Wakati huo nyumba haikukosa wageni. Walikuja wapima udongo, akaja mtu wa serikali, akaja wa benki kuikadiria nyumba upya, wakaja akina Trivedi na utepe wa kupimia madirisha. Wote waliingia wakagonga kuta, wakafungua mabomba, wakashuka chini, wakapanda juu. Na wote walifuatwa na Gus. Mikono nyuma, hatua moja nyuma yao, anatazama wanachotazama. Connie alisema afadhali, angalau ana la kufanya.

Jumapili moja ya Januari tulikuwa mezani, Connie anamimina sosi, Gus akamgeukia akasema kwa sauti ya heshima, "Vyumba vya kulala viko vingapi?"

Nikacheka sana. Shemeji yangu hakuwahi kuniruhusu nile Jumapili bila utani. "Vitatu, mzee," nikamjibu, "na bei haipungui."

Connie naye akacheka. Lakini sosi ilikuwa inamwagika juu ya kitambaa cha meza na hakuiona mpaka nilipomshika mkono.

Tangu hapo akaanza kumfundisha. Kila asubuhi, kabla hajampa kahawa, alimletea picha yao ya harusi, Gus kwa nywele zake zote na Connie kwa kiuno alichokuwa nacho. Nilimkuta siku moja ya Februari, amepiga magoti mbele ya kiti cha mumewe.

"Huyu nani?"

"Connie," akasema Gus, na uso wote ukamng'aa. "Connie wangu huyo."

"Na mimi ni nani?"

Akamtazama kwa makini. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa nia njema kabisa, kama mtu anayetaka kumsaidia mgeni aliyepotea njia.

"Unafanana naye kidogo," akasema.

Connie akanigeukia. "Hajaamka vizuri," akaniambia. "Akinywa kahawa atakaa sawa." Na kweli, alipokunywa kahawa alimwita bosi. Connie akaning'ang'ania mkono jikoni, kucha zikaniingia. "Umesikia? Bado yupo, Mena. Wanipe wiki chache tu. Bado yupo."

Hati ya serikali ilitoka mwezi wa tatu. Makabidhiano yakapangwa wiki ile ile ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na Denise aliona ni ishara njema. Mimi nikanunua maandazi ya krimu ya sikukuu kutoka duka la chini kwangu, sanduku zima, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nilikuwa na furaha. Mpango ulikuwa mfupi. Asubuhi wanunuzi wangepita nyumbani mara ya mwisho kuhakikisha kila kitu kiko sawa, ndivyo ilivyo desturi, kisha tungekwenda kwa wakili, Connie asaini kwa niaba yake na ya mumewe, halafu moja kwa moja Brick, ambako Loretta na nesi walikuwa wanatusubiri. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Loretta alimtumia mama yake picha yake.

Nyumba ilikuwa tupu. Lori lilikuwa limebeba kila kitu, isipokuwa Yosefu dirishani na sanduku langu la maandazi juu ya kaunta. Akina Trivedi walikuja na mtoto, wa kike, amefungwa kifuani kwa mama yake. Nirav akashuka chini na tochi. Rupal akabaki jikoni nasi, akanusa, akatabasamu. Harufu haikuwepo.

Gus alikuwa amevaa koti lake zuri. Alipita chumba hadi chumba, mikono nyuma. Tulimsikia juu, anafungua kabati, anafunga. Akashuka, akaja jikoni, akasimama katikati ya sakafu. Kisha akainama kwa taabu, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akasogea, akagonga tena.

"Aliyeweka hivi vigae," akamwambia Connie, "alikuwa anaijua kazi. Hakuwa na pupa. Ni nani?"

"Fundi mmoja wa hapa hapa," Connie akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ukimwona mpe hongera."

Akanyoosha mgongo, akautazama mwanga unaoingia dirishani, sinki, mahali jiko lilipokuwa. Akamsogelea dada yangu, akavua kofia.

"Mama, nitakuambia ukweli. Nimeona nyumba nyingi, hii ndiyo. Lakini siwezi kukubali peke yangu, nina mke. Anaitwa Connie. Akiliona jiko hili atafurahi mno, nyumba tuliyopanga sasa hivi hata pa kugeukia hamna. Tafadhali, usimuuzie mtu mwingine kabla hajaiona."

Rupal alikuwa amemkumbatia mwanawe kwa mikono miwili, uso umemlowa. Connie alisimama amenyooka kabisa. Nilimwona anatafuta pumzi, anaipata.

"Atakuja lini?" akamuuliza.

"Atakuja. Huwa anachelewa, anabadilisha viatu."

"Basi nitamwekea."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Gus akamshika mkono, akautikisa, mkono wa watu wawili waliokubaliana. Akavaa kofia, akatoka nje, akafungua mlango wa nyuma wa gari langu, akakaa kama mgeni anayepewa lifti.

Nikamwambia dada yangu asisaini. Nilisema tukae, tusubiri, kuna siku nzuri na siku mbaya, turudishe vitu. Sijui nilisema nini vingine. Rupal akasema, "Mama Connie, tutangoja. Tutangoja muda wowote." Alikuwa anamaanisha.

"Mngoje nini, mwanangu?" Connie akasema. Akafungua sanduku, akampa andazi. "Kula. Leo ni sikukuu yake."

Akamchukua Yosefu dirishani, akamtia kwenye mkoba. Ukiuza nyumba inakupasa umweke mahali pa heshima katika nyumba mpya, ndiyo desturi. Nilimuuliza kwa ukali heshima ya nini. "Si imeuzwa?" akanijibu. Kwa wakili alisaini jina lake, kisha la Gus, bila kukosea hata herufi.

Kule Brick nesi alikuwa mama mpole. Akaketi na Gus, akamuuliza jina lake, akalitaja. Akamwonyesha Connie, akamuuliza, huyu nani. Gus akasimama, kwa sababu hakuwahi kumtambulisha mwanamke akiwa ameketi.

"Huyu ndiye mwenye ile nyumba," akasema. "Mtu mwema sana. Ametuwekea."

Loretta akatoka nje. Nesi hakuuliza jingine.

Kitanda kipana kilitanduliwa. Connie alipewa chumba cha mtu mmoja ghorofa ya juu, na Gus akapelekwa ule upande wa pili, na Yosefu wa shaba yuko juu ya kabati lake, kichwa juu kama inavyotakiwa. Kila asubuhi dada yangu anachana nywele, anashuka, anabonyeza kengele, anafunguliwa. Gus humpokea vizuri. Humwuliza kama nyumba bado ipo, na Connie humwambia bado ipo.

Nilikwenda kuwaona Jumapili moja. Nilibeba makaroni kwenye bakuli, nikakaa nao. Gus alikuwa amenyolewa, ana furaha. Akainama kuelekea kwa Connie.

"Mke wangu ameshaiona?"

Sijui kwa nini siku ile Connie alijibu vingine. Labda alichoka kuahidi.

"Ameiona," akasema. "Ameipenda mno. Amelipenda jiko."

Gus akafumba macho, akacheka peke yake kwa raha, machozi yakamtoka.

"Nilijua," akasema. "Nilijua tu." Akajipangusa, akautazama mlango, akamtazama tena dada yangu. "Basi mbona haji?"

Connie akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi shingoni, akailaza kola yake vizuri kwa vidole viwili, akamwambia yuko njiani, anabadilisha viatu.